Mtoto aliungua maji ya moto, taasisi ya walioungua ikatupokea: uzoefu wangu wa miaka miwili

Naandika hii kwa sababu kipindi kile nilitafuta sana mtu aliyewahi kusaidiwa na taasisi za hisani za watu walioungua anieleze huduma zao zikoje, sikumpata. Kwahiyo nitaongea kwa urefu mnisamehe.

Mwanangu wa kiume aliungua akiwa na miaka 3. Maji ya kuoga, nimeyatoa jikoni nikayaweka chini, nikaenda kuchukua taulo, basi. Kifua, bega na mkono wa kulia mpaka kupita kiwiko. Tulimmwagia maji ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20 maana jirani alikua anajua, na daktari alituambia hilo lilisaidia kweli (hata ukichelewa, ndani ya saa 3 bado yanafaa, na usipake kitu kingine chochote jamani). Alilazwa wiki 5, akapandikizwa ngozi iliyotolewa pajani, na mi nikajua tukitoka pale tumemaliza. Kumbe ndo kwanza.

Hii taasisi tulikutana nayo wodini. Wana watu wa kujitolea ambao wenyewe waliungua zamani, wanafundishwa kwanza ndo wanaruhusiwa kukaa na wagonjwa. Aliyekuja kwetu ni mama wa makamo, kovu linaanzia shingoni linapanda hadi sikioni na vidole viwili vya mkono wa kushoto havinyooki. Akavuta kiti akakaa, hakunihubiria, akaniuliza tu "mdogo wangu, mara ya mwisho umelala lini?" nikashindwa kukumbuka. Mwanangu alikua anamkodolea macho, mama wa watu akamsogezea mkono, mtoto akagusa lile kovu kwa kidole akauliza "inauma?" Akamjibu haiumi, saa ingine inawasha tu. Tangu aungue mtoto alikua hajaongea na mgeni yeyote, wakija watu wenye makoti anajificha kwenye shuka.

Baadae nikasoma nikakuta huu utaratibu wa aliyeungua kumtembelea aliyeungua una miaka mingi, Marekani kuna Phoenix Society iliyoanzishwa mwaka 1977 na Alan Breslau, mtu aliyenusurika ajali ya ndege akiwa ameungua vibaya. Mi naelewa kwanini alianza na hilo. Daktari anakueleza kovu, yule mama alinionesha kovu na maisha yanayoendelea juu yake.

Msaada mkubwa wa vitu ulikua nguo za kubana. Kama hamzijui, ni nguo zinashonwa kwa vipimo vya mtoto mwenyewe, zinakandamiza kovu ili lisivimbe likawa gumu, anavaa karibu saa 23 kwa siku, unamvua ukimwogesha na kumpaka mafuta tu, na hiyo ni mwaka mzima au zaidi, mpaka kovu litulie liache wekundu. Zinalegea, na mtoto nae anakua, kila baada ya miezi kama 3 zinatakiwa mpya, tena jozi mbili ili moja ikifuliwa nyingine iko mwilini. Taasisi ilitupa zote bila kulipa, na wakamleta mtu wa fizio kunifundisha kumnyoosha kiwiko na bega, kwasababu kovu linavuta, ukimwonea huruma leo usimnyooshe kesho mkono unabaki umekunjika. Hapa ndo palikua pagumu kuliko wodini. Mtoto analia "mama nitakua mzuri acha" na wewe ndo uliyeweka yale maji chini. Yule mama wa kujitolea alikua anapiga simu kila saa ya mazoezi, namweka spika, anamhesabia mtoto namba mpaka tunamaliza. Kila siku, miezi.

Ila kitu nitakachowakumbuka nacho ni binti yangu mkubwa. Alikua na miaka 9, akaanza kukojoa kitandani, nikamgombeza kwakweli, nilikua nimechoka. Siku moja ya mkutano wa familia watoto walipewa karatasi wachore nyumbani kwao, yeye akachora beseni kubwa kuliko nyumba, na yeye kasimama pembeni. Msimamizi akaniita pembeni taratibu. Kumbe siku ile nilimwambia "muangalie mdogo wako" nikiwa naenda kwenye taulo, mi nilishasahau kama nilitamka, yeye alikua analala na hilo neno miezi 7. Mshauri wao akakaa nae mara 6, nami mara 2 niko ndani, nikamwambia kwa mdomo wangu kosa halikua lake. Mi mwenyewe nisingeliona, macho yangu yote yalikua kwenye bandeji.

Shule pia waliisimamia vizuri. Kabla hajaanza walikwenda kuongea na mwalimu na watoto wa darasa, na wakamfundisha mwanangu jibu fupi la wanaoshangaa: niliungua maji ya moto nikiwa mdogo, siumwi tena, twende tukacheze. Analisema mpaka leo.

Mapungufu yapo. Seti ya pili ya nguo ilichelewa wiki 6 na kovu la begani likavimba kipindi hicho, naamini kabisa ni kwasababu hiyo, na nilipouliza nilizungushwa. Mikutano ni mchana siku za kazi kwahiyo baba watoto alihudhuria mara moja tu, wababa wanasahaulika sana na wao wanaumia kimya. Na kwenye grupu la WhatsApp watu walikua wanaposti picha za vidonda vibichi bila kuonya, nililalamika wakaweka sheria.

Sasa hivi ana miaka 5, nguo kaziacha, kovu limelala na limepauka, tunalikinga na jua tu. Kwapani bado panavuta maana kovu halikui kama ngozi, daktari kasema atafanyiwa upasuaji wa kulilegeza lisivute na huenda sio mara moja mpaka amalize kukua.

Wewe ambae mtoto wako bado yuko wodini, waulize wauguzi kama kuna taasisi ya hivi inayofika hapo, na ulizia vipimo vya nguo kabla hamjaruhusiwa. Na kama ana ndugu nyumbani, mtafute umuulize siku ile aliona nini.