Bustani Inunue Rola Kosta Gani? Anzeni Kuangalia Jukwaani

Kila bustani kubwa ya burudani ikitangaza kwamba inaleta rola kosta mpya, yaani treni ya kuchezea inayokimbia kwenye reli yenye milima na mizunguko, ujumbe unaonifikia huja kwa mafungu mawili. Kabla haijafunguliwa, watu wanabishana: iwe ya chuma au ya mbao, ipande mita ngapi, impindue mtu kichwa chini mara ngapi. Ikishafunguliwa wanalalamika, na lalamiko ni lilelile: tumesimama foleni saa tatu kwa safari ya dakika moja na nusu, watoto wamechoka, siku imekwisha hatujapanda kitu kingine. Sijapata bado ujumbe wa mtu aliyekasirika kwa sababu kilele kilipungua mita kumi.

Ndiyo maana hapa sitazungumzia sana kimo wala kasi. Hayo muuzaji atayasema mwenyewe bila kuulizwa. Ninachotaka bustani ikague kabla ya kutia saini ni muda ambao treni inakaa jukwaani, tangu inapoingia na watu mpaka inapoondoka na wengine.

Pigeni hesabu. Treni ya watu 32 ikiondoka kila baada ya sekunde 75, kwa saa moja wanapanda watu 1,536. Treni hiyohiyo ikiondoka kila baada ya dakika mbili, wanapanda 960. Kwa siku ya saa kumi, sekunde hizo 45 zimekula nafasi 5,760. Reli haijabadilika, bei haijabadilika, kimo ni kilekile.

Anayetaka kuona sekunde hizo zinapopotelea asimame karibu na jukwaa siku yenye watu wengi. Treni inaingia, vizuizi vinafunguka, waliomaliza wanashuka upande mmoja na wapya wanaingia upande mwingine. Mmoja anavuka kwenda kuweka begi kwenye rafu ya upande wa pili, anarudi, anakumbuka miwani, anavuka tena. Mwingine amekalia mkanda wake na anautafuta huku na huku. Wa tatu ameshusha chuma cha mapajani kabla ya kufunga mkanda, sasa mhudumu anaomba treni nzima ifunguliwe na ukaguzi unaanza upya. Nje, kwenye breki, treni ya pili imesimama na watu waliokwisha safari yao, wanalitazama jukwaa na kusubiri. Kuongeza treni hapo hakusaidii, maana mfumo wa usalama umeigawa reli vipande na kila kipande kinaruhusu treni moja tu. Jukwaa nalo ni kipande. Likiziba, kila kitu nyuma yake kinaziba, na bustani iliyolipia treni tatu inafaidi mbili kwa shida.

Kwa kipimo hicho, kati ya kampuni zinazotengeneza rola kosta, namba moja yangu ni B&M, na sifichi kwamba ninaipenda. Ni kampuni ya Uswisi iliyoanzishwa 1988 na Walter Bolliger na Claude Mabillard, na tangu mwanzo walijenga treni pana, watu wanne kwa safu. Upana huo ndio siri. Watu wengi wanaingia kwa wakati mmoja, treni haiwi ndefu kupita kiasi, na wahudumu wawili, kila mmoja na upande wake, wanakagua safu kwa kupita mara moja. Rola kosta yao ya kwanza ya kuning'inia, ambayo treni iko chini ya reli na miguu inaelea hewani, ilifunguliwa 1992 kwenye bustani ya Six Flags Great America, Marekani, nayo ilibeba watu 32 kwa treni.

Lakini mkiniuliza ni ipi hasa ya kununua, nitasema ile ndefu ya milima isiyopindua mtu kichwa chini. Nitro ya Six Flags Great Adventure, iliyofunguliwa 2001, inabeba watu 36 kwa treni. Fury 325 ya bustani ya Carowinds, ya 2015, inapanda mita 99 na kufika kilomita 153 kwa saa, na bado ni watu 32 kwa treni. Ushahidi mzito kuliko wote uko Ujerumani. Familia ya Mack ina kiwanda chake cha rola kosta na pia inamiliki Europa-Park. Ilipotaka rola kosta kubwa ya mita 73 kwa bustani yake, ikafunguliwa 2002 kwa jina la Silver Star, waliojenga walikuwa B&M. Mtengenezaji anapokwenda kununua kwa mtengenezaji mwenzake, mimi namsikiliza.

Kuna wapenzi wa rola kosta wanaosema B&M ni laini mno, haimtikisi mtu. Ulaini huo ndio unaomfanya bibi, mjukuu na kijana wapande pamoja, na bustani inaishi kwa familia kama hizo. Wengine watanikumbusha ufa ulioonekana kwenye nguzo ya Fury 325 mwaka 2023. Ni kweli, na lilikuwa jambo la kutisha: ilifungwa, nguzo ikabadilishwa, ikafunguliwa tena Agosti mwaka huohuo. Hakuna kampuni inayouza chuma kisichohitaji kukaguliwa kila asubuhi.

Hata kwa B&M lakini sichukui kila kitu. Zile za kuruka kifudifudi, ambazo kiti kinalala baada ya mtu kufungwa, ni nzito kupakia. Tatsu ya 2006 na Manta ya SeaWorld Orlando ya 2009 zilijengwa na sehemu mbili za kupakia, treni moja ikijazwa huku nyingine inaondoka. Bila sehemu mbili, msinunue.

Namba mbili ni Rocky Mountain Construction, kwa bustani yenye rola kosta kuukuu ya mbao inayogonga watu mgongo. Hawa wa Idaho, Marekani, wanaacha kiunzi, wanaondoa reli ya zamani na kuweka ya chuma. Walianza 2011 na New Texas Giant, juu ya kiunzi cha 1990. Kisha 2018 wakaigeuza Mean Streak, ya mbao, ya bustani ya Cedar Point kuwa Steel Vengeance, na kwa kunyanyua watu vitini sijaona inayoifikia. Tatizo lake liko palepale ninapolalamikia. Treni inabeba watu 24, na kwa kuwa mtu ananyanyuliwa mfululizo, kila kilichomo mfukoni kinataka kuruka. Mwaka huohuo wa ufunguzi bustani ililazimika kukataza simu na vitu vya mkononi hata ndani ya foleni. Hilo lingepangwa tangu kwenye michoro, kwa makabati mahali panapofaa, badala ya kuwavizia watu getini.

Wanaopanga vizuri jambo la mabegi wapo. VelociCoaster ya kampuni ya Intamin, iliyofunguliwa 2021 kwenye bustani ya Islands of Adventure, Orlando, ina makabati yenye milango pande mbili: unaweka begi upande wa foleni karibu na jukwaa, ukishuka unalichukua upande wa kutokea. Hakuna anayevuka treni. Katika bustani hiyohiyo, rola kosta nyingine ya Intamin, ya 2019, ina sakafu inayotembea sambamba na treni, hivyo watu wanapanda bila treni kusimama. Kwa hayo mawili Intamin ninaipa namba tatu, na ingepanda zaidi kama isingekuwa mapenzi yake ya rekodi. Kingda Ka yake ilikuwa na mita 139 na kilomita 206 kwa saa, ikatangazwa dunia nzima tangu 2005. Treni yake ilibeba watu 18. Ilifungwa 2024, na Februari 2025 mnara ukaangushwa kwa baruti. Cedar Point nayo iliifungua Top Thrill 2, rola kosta ya Intamin iliyogeuzwa na kampuni nyingine, Mei 2024, ikaendeshwa kwa muda wa wiki moja na kidogo, kisha ikafungwa msimu wote. Bustani inayotaka rekodi ijue kwamba inanunua pia siku za kufungwa.

Ile ambayo ningeikataa waziwazi kwa bustani kubwa ni ya reli moja, watu wakikaa mmoja nyuma ya mwenzake. Ni tamu, tena sana. Lakini RailBlazer, iliyofunguliwa 2018 California's Great America, ina treni za watu wanane. Hata ikiondoka kila dakika bila kukosea, ni watu 480 kwa saa.

Za bei nafuu sitakaa nazo sana. Boomerang ya kampuni ya Vekoma, inayouzwa tangu 1984, ina treni moja ya watu 28 inayokwenda mbele kisha kurudi kinyumenyume, na mpaka irudi hakuna anayepanda. Zile za vigari vya watu wanne zenye kona kali zinafaa bustani ndogo. Basi.

Sasa niseme linaloniuma. Namba ya "watu kwa saa" iliyo kwenye vitabu vya mauzo imepigwa kama vile kila kiti kimejaa, hakuna begi, hakuna mtoto wa kupimwa kimo, hakuna mkanda uliokwama. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na nimeona bustani zinairudia namba hiyo kwa wageni bila aibu. Halafu foleni ikishavimba, linakuja dirisha la kuuza tiketi ya kuruka foleni. Mgeni alilipa kiingilio getini, sasa analipishwa tena ili apite mbele ya wenzake, na viti havijaongezeka hata kimoja. Kila anachopewa kimetolewa kwa familia iliyosimama juani. Bustani inayopata faida kwenye foleni haina haraka ya kuifupisha, na hilo ndilo linalonifanya niwe mkali juu ya jukwaa kuliko kitu kingine.

Kwa hiyo, mnaonunua: nendeni kwenye bustani inayoendesha mtambo huohuo, siku ya likizo, mkae jukwaani saa nzima na saa ya kupima mkononi. Hesabuni watu wanaoondoka kweli. Kwenye mkataba waandike treni tatu na mahali pa mabegi pasipohitaji mtu kuvuka treni. Waandike pia muda wa juu wa treni kukaa jukwaani, upimwe na wageni halisi kabla ya malipo ya mwisho. Muuzaji akikataa kuandika muda huo, mwiteni wa pili kwenye orodha alete bei yake.