Matundu ya boneti kwenye Starlet Glanza: uzoefu wangu, foleni ya Mbezi mpaka Kitonga

Nianze na jibu, maana wengi mnaoniuliza mnataka hilo kwanza: matundu ya hewa niliyofunga kwenye boneti ili kutoa joto la injini yanafanya kazi, na nikipata gari lingine la aina hii nitayafunga tena. Ila yanafanya kazi kwa sababu ya mahali yalipowekwa, na kwa sababu mfumo wa kupoza ulikuwa mzima kabla bati halijaguswa na grinda.

Gari ni Toyota Starlet Glanza V, EP91, ile yenye injini ya 4E-FTE. Ni cc 1331 yenye tabo (pampu inayozungushwa na moshi wa injini ili kuishindilia hewa zaidi), nguvu farasi 135 kutoka kiwandani, kwenye gari lisilofika tani moja. Toyota waliweka tabo mbele ya injini, inatazamana na rejeta, halafu intakula, kipozeo cha hewa inayotoka kwenye tabo, wakailaza juu ya injini chini ya ule mdomo wa boneti. Chumba chenyewe ni kidogo. Hewa ikishapita kwenye rejeta inatoka ya moto, inakutana na tabo ambayo ni moto zaidi, kisha inatafuta njia ya kutokea kule chini nyuma ya injini. Ukiwa kwenye mwendo mzuri haina shida. Kwenye mlima, gia ya pili, nyuma ya malori, hewa inayoingia ni chache na joto ni lote.

Kwangu mimi mlima huo ni Kitonga. Nasafiri kwenda Iringa mara kwa mara, na ukishatoka Ruaha Mbuyuni, kwenye lile joto la bondeni, unaingia kupanda moja kwa moja. Mshale wa temperecha wa dashibodi ulikuwa umetulia katikati kama kawaida, lakini geji ya pembeni niliyofunga, yenye sensa yake kwenye mpira wa juu wa rejeta, ilikuwa inagonga 105. Msiuamini sana ule mshale wa kiwandani. Umetengenezwa usimtishe dereva, kwa hiyo unakaa katikati kwenye nafasi kubwa ya joto, na ukija kupanda kweli tayari mambo yameharibika. Nyuzi 105 si kuchemsha, kwa sababu mfuniko wa rejeta unatunza presha, na maji yenye presha na kulanti (dawa ya kupozea injini) hayachemki kwenye 100. Bila presha, kwenye mwinuko wa Iringa mjini maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Hapo ndipo mfuniko uliochoka unapomaliza gasketi ya silinda hedi ya mtu.

Kwa hiyo kabla ya boneti nilianza na hayo. Rejeta ilifunguliwa ikasafishwa, mfuniko mpya, thermostati mpya (mlango unaoruhusu maji kwenda kwenye rejeta injini ikishapata joto), kulanti badala ya maji ya bomba, feni ikapimwa kama inawaka kwenye joto lake. Nikarudisha kava la chini ya injini, lile ambalo mafundi wetu wakilitoa siku ya kumwaga oili huwa halirudi. Kava hilo lina kazi kubwa. Bila hilo, upepo wa chini ya gari unaingia kwenye chumba cha injini na kuizuia hewa ya rejeta kutoka. Pia niliziba kwa sponji mianya yote kati ya shoo ya mbele na rejeta, ili hewa ipite kwenye rejeta badala ya kuizunguka. Hayo peke yake yaliishusha Kitonga kutoka 105 hadi kama 102. Kazi ya fedha kidogo kuliko zote, na ndiyo ningependa kila mwenye gari la zamani aifanye.

Ushauri nilioukataa ni huu. Wa kwanza, kutoa thermostati. Hapa kwetu ni kama dawa ya kila gari linalochemsha, na inaniuma kila ninapoisikia. Injini isiyo na thermostati inakimbia ikiwa baridi kwenye barabara kuu, kompyuta inaendelea kumwaga mafuta mengi ikidhani ndiyo kwanza imewashwa, na chanzo cha ugonjwa kinabaki palepale. Wa pili, kuinua boneti kwa nyuma kwa kuweka washa, zile ringi bapa za bolti, kwenye bawaba. Hili lina mantiki ukiwa umesimama, kwa sababu joto linapanda juu. Gari likishakimbia, upepo unaogonga kioo cha mbele unajikusanya pale chini ya wipa na kutengeneza presha. Hewa haitoki pale, inaingia. Tena pale ndipo gari linapovutia hewa ya ndani ya kabini, kwa hiyo unaweza kujivutia harufu na moshi wa injini.

Sikutaka kubahatisha, nikapima. Nilichukua mpira mwembamba unaoonekana ndani, nikaukunja kwa umbo la U, nikatia maji yenye rangi. Ncha moja niliiteipu juu ya boneti, nyingine nikaipitisha chini yake, na ndugu yangu akawa anausoma akiwa kiti cha abiria huku nikiendesha kwenye 80. Maji yanapanda kuelekea upande wenye presha ndogo. Sehemu ya mbele na ya kati ya boneti, maji yalipanda kwa zaidi ya sentimita moja upande wa ncha iliyo juu ya boneti. Maana yake hewa iliyo chini inatamani kutoka, inakosa mlango tu. Nilipousogeza mpira karibu na kioo, maji yalirudi upande wa pili. Kipimo hicho kiligharimu bei ya mpira, na ndicho kilichoamua kila kitu kilichofuata.

Glanza ina jambo moja la ziada la kuangalia: ule mdomo wa intakula. Ukiweka matundu mbele yake, hewa ya moto inayotoka inarushwa nyuma na kumezwa na mdomo, na intakula inapashwa moto badala ya kupozwa. Nimeona boneti zimekatwa hivyo na zinapendeza sana kwa macho. Yangu yamekaa pembeni ya mdomo, nyuma kidogo ya rejeta, wala hakuna lililo kwenye mstari wake.

Bidhaa yenyewe ni jozi ya paneli za alumini zenye mapezi yaliyolazwa kutazama nyuma, niliagiza kutoka China. Zilifika kwa takriban shilingi 150,000 pamoja na usafirishaji. Alumini ni nzuri, haipindi kirahisi, mapezi yamekatwa vizuri. Nisichokipenda ni rangi nyeusi waliyoipaka, imeanza kupauka mapema kwa jua la Dar, na riveti zilizokuja nazo ni laini mno. Nunueni riveti zenu. Kukata na kufunga nilimpa fundi bodi wa huku mtaani kwa 120,000 na rangi yake. Kabla hajagusa grinda tuligeuza boneti na kuchora mbavu za chini kwa chaki. Mbavu hazikatwi. Ndizo zinazoifanya boneti isitetemeke kwenye mwendo, na ukizikata umepata karatasi. Baada ya kukata, kingo zote zilipigwa tupa, prima, kisha rangi, kwa sababu bati lililokatwa likiachwa hivyo kutu inaanza na mvua ya kwanza.

Matokeo sasa. Kwenye foleni ya Kimara hadi Mbezi, joto la maji halikubadilika. Feni inawaka, inazima, 92 hadi 95 kama zamani, na ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa sababu pale anayeamua ni thermostati na feni. Kilichobadilika ni joto la chumba cha injini. Ukisimama kwenye taa unaona hewa ikicheza juu ya matundu, na sensa ya pili niliyoiweka baada ya intakula, ambayo ilikuwa inafika 70 gari likikwama muda mrefu, sasa inaishia karibu na 58. Kwa gari la tabo hiyo unaisikia kwenye mguu: ukipata nafasi na kukanyaga, linaitika mara moja bila ule uzito wa kwanza. Kitonga, nyuma ya malori, maji yanaishia 98, na yakishafika juu kuelekea Ilula yanashuka haraka. Malori hayafanani siku hadi siku, lakini nimepanda vya kutosha kuona tofauti ni ya kweli.

Mvua ndiyo gharama yake. Masika maji yanaingia, hilo halikwepeki. Kabla ya kukata tulihakikisha hakuna tundu linalokaa juu ya distribyuta, inayogawa umeme kwenye plagi, na chini ya kila paneli kuna kitrei cha bati kilichoinama kinachopeleka maji pembeni. Ukiwa unaendesha hayana madhara, joto linayakausha. Gari likilala nje usiku mzima wa mvua naweka kipande cha raba juu ya mapezi. Vumbi pia limeongezeka kwenye injini, inabidi kufuta mara kwa mara zaidi. Trafiki wameshanisimamisha kuuliza ni nini, wakaangalia, tukaagana vizuri.

Kwa mwenye Vitz, IST au Starlet ya kawaida isiyo na tabo inayochemsha: usikate boneti. Hiyo 270,000 nenda nayo kwenye rejeta, mfuniko, thermostati na motor ya feni, na urudishe kava la chini. Gari la aina hiyo likiwa zima linapanda Kitonga na familia ndani bila tundu lolote. Kwa mwenye tabo ndogo anayepanda milima, tengeneza mpira wa U kwanza, upime boneti yako mwenyewe, ndipo uagize paneli.