Chupa ya kalamini, tyubu ya haidrokotizoni na ile ya "mseto": ipi ununue Tanga

Kaskazi likishashika, kati ya Desemba na Machi, maduka ya dawa ya Ngamiani hupata wateja wenye shida moja: shingo imejaa vipele, kiwiko kinakunwa hadi kinang'aa, mtoto aliyebebwa kwa kanga hatulii mgongoni. "Dada, nipe dawa ya muwasho." Dada anaweza kunyoosha mkono akatoa chupa ya pinki, tyubu ndogo ya haidrokotizoni, au tyubu ya mseto ambayo wengi huiita tu "ile kali". Vyote vitatu hutuliza muwasho, ila havifanyi kazi moja.

Chupa ya pinki ndiyo ya kuanza nayo. Losheni ya kalamini ni unga wa zinki oksaidi wenye oksaidi kidogo ya chuma, ambayo ndiyo inayoipa rangi, ukiwa ndani ya maji na gliserini. Haina steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na wekundu wa ngozi, wala antibiotiki. Maji yake yanapokauka huondoka na joto la ngozi, na unga unaobaki hunyonya unyevu. Kwa harara hapo ndipo penyewe, kwa sababu harara ni vijitundu vya jasho vilivyoziba, jasho likakwama chini ya ngozi na kuichoma.

Wanaosema kalamini "haifanyi kitu" wengi wao hawakutikisa chupa. Unga huzama. Inua chupa iliyokaa kabatini uitazame kwa chini: kuna tope la pinki limeganda, na juu yake maji yaliyochujuka. Ukimimina hivyo, wiki ya kwanza unapaka maji matupu, na mwishoni unabakiwa na uji mzito unaopasuka ngozini kama chokaa ya ukuta wa zamani kule Pangani. Tikisa mpaka tope liishe chini. Oga maji ya baridi, jikaushe kwa kugandamiza taulo bila kusugua, kisha gusagusa kwa pamba. Subiri dakika tano ikauke ndipo uvae, na iwe nguo ya pamba iliyolegea. Mara tatu au nne kwa siku inatosha. Usiiweke jichoni, mdomoni wala kwenye kidonda kibichi.

Juu yake usipake Vaseline wala mafuta ya nazi. Bibi atakubishia, na nazi ina sifa zake nyingi Tanga hii, lakini kwenye harara mafuta yanaziba tena tundu lile lile unalotaka lifunguke.

Kasoro yake ni kwamba hukausha. Mwenye pumu ya ngozi, ambaye ngozi yake tayari ni kavu na ina magamba, akiitumia siku nyingi mfululizo atazidi kupasuka. Huyo ndiye wa Vaseline isiyo na manukato, na aipake mara tu anapotoka kuoga, ngozi ingali na unyevunyevu. Soma pia lebo: kalamini nyingine zimeongezwa mentholi, ambayo kwa mtoto mchanga inaweza kuwasha kuliko kutuliza. Kwa alama, tunaipa nne kati ya tano.

Haidrokotizoni ya asilimia 1 ni steroidi, lakini ni katika zile dhaifu kabisa. Hapa ndipo inapostahili fedha yako: kuumwa na mbu au visubi, ngozi iliyokwaruzika kwa sabuni kali, mkanda wa saa uliokukataa, au mikono iliyoshika utomvu wa mkonge. Utomvu huo una fuwele ndogo zenye ncha kama sindano, kwa hiyo kabla ya krimu yoyote osha kwa maji mengi na sabuni. Ukipaka juu ya utomvu unaufungia ndani. Finya krimu kuanzia ncha ya kidole cha shahada hadi kiungo chake cha kwanza. Hiyo ni kama nusu gramu, na inaenea eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Tyubu ya gramu 15 basi ina vipimo 30, kwa hiyo iliyoisha kwa siku tatu juu ya kiganja kimoja imepakwa kama siagi kwenye mkate. Mara moja au mbili kwa siku, tabaka jembamba, na siku saba ziwe mwisho. Usoni, kwenye mapaja ya ndani na kwa mtoto mdogo, muulize kwanza mfamasia au daktari. Tunaipa nne pia, kwa mwenye kujua anachotibu.

Sasa "ile kali". Geuza boksi usome viambato: mara nyingi utakuta betamethasoni au klobetasoli, pamoja na klotrimazoli ya fangasi na antibiotiki kama jentamisini au neomisini. Inasifiwa kwa sababu muwasho hukatika siku ile ile. Kinachoukata ni steroidi kali, ambayo ni dawa ya cheti, si ya kuombea dirishani. Kama tatizo lilikuwa fangasi, yale mashilingi yenye ukingo ulioinuka, wekundu hufifia na ukingo hupotea huku fangasi wakitambaa chini kwa chini. Mtu akiacha kupaka, mashilingi yanafumuka upya, mapana zaidi na yasiyo na umbo. Hapo hata daktari anaweza kushindwa kuyatambua kwa macho. Inabidi akwangue magamba yakatazamwe kwa hadubini. Ukiizoea miezi, ngozi hukonda, hupata michirizi na kupauka. Ndiyo maana baadhi huipaka usoni makusudi, na huo sasa ni mkorogo, si tiba. Neomisini nayo huwapa baadhi ya watu mzio mpya juu ya ule wa zamani. Alama yetu ni moja, na hiyo ni ya boksi lililoandikwa viambato vyake wazi.

Kama ni mashilingi kweli, nunua klotrimazoli ya asilimia 1 peke yake, upake mara mbili au tatu kwa siku kuvuka kidogo ukingo wa alama, na uendelee wiki mbili baada ya ngozi kuonekana safi. Wengi huacha pale inapoacha kuwasha, na ndiyo sababu hurudi.

Duka zuri halijulikani kwa rafu ndefu. Muuzaji anapaswa kukuuliza mgonjwa ana umri gani, inawasha wapi, siku ngapi, na kama kuna mwingine nyumbani anayejikuna. Swali hilo la mwisho ni kubwa: muwasho unaozidi usiku, katikati ya vidole, kwa nyumba nzima, ni upele wa kuambukiza. Huo unatibiwa kwa dawa yake, watu wote wa nyumba siku moja, na kalamini itasaidia tu kupunguza kero.

Tazama na tyubu ilikokaa. Iliyowekwa kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua la mchana hutengana. Ukifinya yanatangulia maji, kisha mafuta. Irudishe hapo hapo. Tyubu ya aluminiamu iwe na utando mdomoni ambao unautoboa mwenyewe kwa ncha iliyo mgongoni mwa kizibo, na tarehe ya mwisho isomeke kwenye mkunjo wa chini.

Usaha, homa, malengelenge karibu na jicho, au eneo linalopanuka kila siku, hayo ni ya kituo cha afya. Midomo ikivimba au pumzi ikibana baada ya kuumwa na mdudu, usipite dukani kabisa. Nenda moja kwa moja hospitali ya Bombo.