Soil Water Characteristics: programu nzuri, ila haiujui udongo mwekundu

Napanga mifumo ya umwagiliaji wa matone kwa wakulima wa kahawa, parachichi na mboga huku Kiambu na Murang'a. Kila mmoja lazima nimjibu swali moja: udongo wako unashika maji kiasi gani? Kulipima maabara kunataka mitambo ya shinikizo na wiki kadhaa, gharama ambayo mwenye ekari moja haiwezi. Ndiyo maana programu hii ya bure ya Idara ya Kilimo ya Marekani haitoki kwenye kompyuta yangu.

Kuitumia ni rahisi mno. Unabofya pembetatu ya aina za udongo kufuata asilimia ya mchanga na mfinyanzi, unarekebisha mboji, chumvi, changarawe na mshindilio, na papo hapo unaona unyevu unaobaki udongo ukishachuruza, unyevu ambao mmea hunyauka, na kasi ya maji kupenya. Milinganyo ni ya watafiti Saxton na Rawls, ya mwaka 2006. Kwa tifutifu ya kichanga, mchanga 65% na mfinyanzi 10%, inatoa takriban milimita 100 za maji yanayofaa mmea kwa kila mita ya kina. Hapo napanga ratiba bila wasiwasi.

Sasa weka mfinyanzi 50% na mchanga 25%. Inakuambia maji hupenya kama milimita moja tu kwa saa. Nenda Kabete, kwenye udongo mwekundu, mvua ya Aprili ikimwagika, usimame kwenye shamba lililotunzwa vizuri: maji yanazama. Chukua bonge ulivunje kwa vidole. Halinati, linameguka vipande vidogo vigumu, nyuso zake zinang'aa. Madini ya chuma na alumini yameugandisha mfinyanzi ukawa punje. Maji yaliyo kati ya punje huchuruzika upesi kama kwenye mchanga, na yaliyo ndani yake yameshikwa kwa nguvu hata mzizi hauyapati. Kwa hiyo mfinyanzi ni mwingi, lakini akiba ya mmea ni ndogo.

Halafu shuka Mwea, kwenye udongo mweusi unaopasuka kiangazi. Asilimia ya mfinyanzi inaweza kuwa ileile, ila huu ukilowa unavimba na kuziba, na mpunga unakaa ndani ya maji. Programu inauliza mfinyanzi ni kiasi gani, haiulizi ni wa aina gani! Tena milinganyo ilitokana na sampuli za Marekani, na zile zilizozidi mfinyanzi 60% ziliachwa nje. Udongo mwekundu wa huku unaweza kupita hapo.

Kwa huo natumia milinganyo ya Hodnett na Tomasella ya 2002, iliyotengenezwa kwa udongo wa tropiki. Inataka vipimo zaidi: kaboni, pH, CEC (uwezo wa udongo kushika virutubisho) iliyo kwenye ripoti ya maabara, na uzito wa udongo kwa ujazo. Huo wa mwisho si mgumu: pigilia pete ya chuma ardhini, kausha udongo wake kwenye oveni ya nyuzi 105, pima.

Nyota tatu kati ya tano. Mwenye udongo wa kichanga aipakue leo. Mwenye udongo mwekundu asifungue maji kwa ratiba ya programu hii peke yake. Achimbe siku mbili baada ya mvua kubwa, apime unyevu uliobaki, alinganishe.