Sanamu ya Tara wa Kijani kutoka Patan: uzoefu wangu baada ya mwaka mmoja

Sanamu hii ya Tara wa Kijani, mungu wa kike wa huruma katika Ubudha wa Kitibeti, imekaa mwaka mzima juu ya rafu ninayoitumia kama madhabahu ya nyumbani. Niliinunua katika karakana moja mjini Patan, nchini Nepal, karibu na hekalu la Mahabouddha, mtaa ambao mafundi wa Kinewari, wenyeji wa Bonde la Kathmandu, wengi wao wa ukoo wa Shakya, wamerithishana kazi ya kusubu sanamu tangu zama za mababu.

Ina kimo cha sentimita 20 na imesubiwa kwa shaba nyekundu. Fundi huitengeneza kwanza kwa nta, akaifunika kwa tabaka za udongo uliochanganywa na makapi ya mpunga, kisha huipasha moto hadi nta iyeyuke na kutoka, ndipo shaba humiminwa mahali pake. Kalibu huvunjwa ili sanamu itolewe, na hapo huanza kazi ndefu ya tindo, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayostahili bei.

Kabla ya kulipa nilitazama vidole. Katika sanamu za rahisi vidole hugandana kama mkate wa mofa uliokatwa vibaya. Katika hii kila kimoja kimejitenga, hata katika mkono wa kushoto unaoshika shina la yungiyungi la buluu. Mkono wa kulia umelala gotini, kiganja kikielekea nje kwa ishara ya kutoa, na mguu wa kulia umenyooshwa mbele kidogo, kwa kuwa Tara husemwa yu tayari kuinuka kumwendea anayemwita. Nakshi za mavazi zimeendelea hadi mgongoni, upande ambao mwenye nyumba ni nadra kuuona. Macho yameinama nusu, nami ninapoketi kutafakari ninaona ni rahisi kutulia mbele yake.

Malalamiko yangu ni mawili. Mwili umetiwa dhahabu kwa moto na zebaki na haujabadilika, lakini uso umepakwa unga wa dhahabu uliochanganywa na gundi, kama desturi ya Kitibeti ilivyo, na muuzaji hakunionya kwamba haustahimili maji. Niliupangusa kwa kitambaa chenye unyevu, na dhahabu ikabaki kitambaani. Pili, kitako kilikuwa kimezibwa kwa bamba la shaba ilhali ndani hamna kitu; nilipotaka sanamu ijazwe karatasi za mantra, yaani maneno matakatifu ya kukaririwa, na kuwekwa wakfu, ilibidi bamba lifunguliwe upya. Anayeagiza aombe kitako kiachwe wazi, na adai pia cheti cha Idara ya Mambo ya Kale ya Nepal cha kuthibitisha kwamba sanamu si ya kale, kwa sababu sanamu zilizozidi miaka 100 haziruhusiwi kutoka nchini humo na forodhani wataulizia.

Uso sasa ninaupangusa kwa brashi kavu ya manyoya laini, na doa la kitambaa lingali kwenye shavu la kushoto.