Kijiko cha vitofali chenye mota 4, mota moja ilikuja imekufa

Nimenunua kijiko, yaani ekskaveta. Sio cha kuchimbia msingi, hela hiyo ningeitoa wapi, ni cha vitofali vya plastiki, vipande 1,700 na ushee, cha Kichina, kina mota 4 na rimoti na cheni zinazotembea kweli. Bei 285,000 kutoka duka moja la Kariakoo linalouza mtandaoni, jina naliacha na mtaona kwa nini, ukiongeza na nauli ya basi 10,000. Nikatuma hela kwa simu, kesho yake jioni nikaufuata mzigo stendi ya Nanenane hapa Dodoma, boksi limebonyea kona moja lakini mifuko ndani mizima.

Wale mtakaosema mbona usichukue LEGO yenyewe, nilitamani sana. Ila ile Liebherr R 9800, kijiko chao waliyoitoa 2019, vipande 4,108 na mota 7, ilitoka na bei ya dola 450 kule Marekani, yaani kwa hela zetu inapita milioni kabla hata haijapanda ndege. Mi nina ada za shule bana. Kizuri ni kwamba hawa Wachina wanafuata vipimo vile vile, kutoka kitundu hadi kitundu ni milimita 8, kwa hiyo kipande cha LEGO kinaingia kwenye cha kwao bila ugomvi. Hilo lilinisaidia, nilikuta pini mbili (vijiti vifupi vya kuunganishia vipande) hazipo kwenye mfuko wa nne nikachomoa kwenye kigari cha zamani cha mpwa wangu (alilia, nikamnunulia soda).

Sasa kujenga. Hapa ndo hela yako inarudi. Kitabu cha maelekezo kimechapwa vizuri, kila ekseli (kijiti kirefu kinachopita kwenye gia) wameichora kwa saizi yake halisi, unailaza juu ya karatasi unajua hii ndo yenyewe au sio. Shida ni rangi, nyeusi na kijivu iliyoiva hazitofautiani kabisa chini ya taa ya sebuleni, na hapa Ilazo umeme ulikatika siku mbili kati ya tisa nilizojenga nikawa natumia tochi ya simu, ndo balaa zaidi. Kwa hiyo kuna kosa moja nililifanya nawaambia mapema msilifanye. Pini ziko za aina mbili, kuna zinazobana na kuna zinazoteleza. Zinazobana ni za kushikilia fremu, zinazoteleza ni za sehemu inayokunja na kukunjua. Mi kwenye kiwiko cha mkono nikachomeka nyeusi inayobana badala ya kijivu, mkono ukawa mgumu kama mlango uliovimba masika, mota inalia inalia mkono haunyanyuki, nikadhani mota dhaifu. Kumbe pini moja tu! Kubadilisha ilinichukua dakika 40 maana ilikuwa imeshafunikwa na vitu vingine.

Kitu kilichonifurahisha kuliko vyote ni zile jeki za kunyanyulia mkono. Kijiko halisi kinatumia mafuta ya haidroliki, pampu inasukuma mafuta, pistoni inatoka. Hichi cha plastiki hakina mafuta, ndani ya kila jeki kuna skrubu ndefu, mota ikizungusha skrubu kifimbo kinatoka taratibu, ikizungusha kinyume kinarudi. Utamu wake ni kwamba ukizima mota mkono unabaki hapo hapo ulipo, hauanguki, kwa sababu uzito wa mkono hauwezi kuirudisha skrubu nyuma. Ni kama jeki ya gari tu, unaacha kuzungusha na gari halishuki. Na ikifika mwisho inalia tak tak tak, usiogope, kuna klachi ndogo ndani inateleza makusudi ili gia zisivunjike. LEGO walianza kuweka jeki za namna hii 2008, kabla ya hapo walikuwa wanahangaika na pistoni za upepo na meno ya gia tu.

Haya, mota.

Usiku wa nane kijiko kimesimama, kabini imekaa, uzito wa nyuma umekaa, nimebakiza stika. Nikasema ngoja nijaribu. Cheni ya kushoto inaenda, ya kulia inaenda, mkono unapanda, kuzunguka... kimya. Nikachaji tena, kimya. Nikabadilisha tundu la waya, kimya. Ile mota ya kuzungushia ilikuja imekufa kutoka kwenye mfuko, na iko wapi sasa? Katikati kabisa, chini ya mkono, nyuma ya betri, juu ya duara la kuzungukia. Yaani wameijenga nyumba juu yake. Nilitoa vipande kama 300 usiku ule, mke wangu akapita akaangalia meza akasema "si ulisema umemaliza?" nikanyamaza.

Kwa hiyo ukinunua seti yoyote ya mota, iwe ya nani, siku ya kwanza kabla hujafungua mfuko namba moja chomeka mota zote kwenye betri uone kila moja inazunguka pande zote mbili. Dakika tano tu. Kitabu hakisemi hivyo, nasema mimi.

Muuzaji nikampigia, jibu la kwanza "boss mota zote tunazitest kabla ya kutuma". Nikamtumia video. Siku mbili kimya, blutiki zipo. Siku ya tatu akasema atatuma nyingine ila nauli ya basi juu yangu. Nilikasirika lakini nikalipa, 5,000 sio ya kugombania na mtu aliyeko Kariakoo na wewe uko Dodoma. Mota ikaja imefungwa kwenye gazeti. Ilizunguka.

Jumapili nikamwita shemeji, mume wa dada yangu, yeye ni opereta wa kijiko wa kweli, amechimba sana kwenye ile barabara ya mzunguko ya kilomita 112 inayozunguka jiji letu. Tukaweka ungo wa karanga mbichi sakafuni, sufuria pembeni, nikampa rimoti. Akaishika kama mtu aliyepewa simu ya mtoto.

"Shem, hii iko kinyume."

Akanieleza, kijiko halisi una leva mbili. Leva ya kushoto ukiilaza kulia au kushoto mashine inazunguka, ukisukuma mbele au ukivuta nyuma ule mkono mdogo unanyooka au unakuja. Leva ya kulia mbele na nyuma inashusha na kunyanyua mkono mkubwa, pembeni inakunja bakuli la kuchotea. Kwenye rimoti hii kuzunguka wameweka kulia na bakuli kushoto, vidole vyake vikawa vinakosea kila mara, anataka kukunja bakuli mashine inageuka inagonga sufuria. Tukacheka sana. Ila baada ya robo saa akazoea, akaanza kufanya vitu viwili pamoja, ananyanyua huku anazungusha, bakuli linafika juu ya sufuria tayari limeshafunguka. Mimi hadi leo nanyanyua kwanza, nasimama, ndo nazungusha. Aliniambia opereta mwanafunzi anajulikana hapo hapo.

Bakuli moja linabeba karanga 14. Tulihesabu. Mchanga usijaribu, nimeona watu wanatamani, chembe zikiingia kwenye gia ndo basi.

Kuna kitu alikisifia bila kuombwa. Hichi kijiko kinazunguka mizunguko yote unayotaka, hakuna waya wa kujisokota, kwa sababu mota za cheni zimekaa juu na nguvu inashuka kwa ekseli katikati ya duara. Akasema hata halisi iko hivyo hivyo, katikati kuna kiungo kinachopitisha mafuta kwenda mota za cheni bila hozi kujinyonga. Ubaya wake, ili kupunguza idadi ya mota, wameweka kiswichi cha kubadilisha, mota mbili ndo hizo hizo zinatembeza cheni au zinanyanyua mkono na kukunja bakuli. Ukitembea huchimbi, ukichimba hutembei. Na kukivuta hicho kiswichi mpaka uinamie mashine, rimoti haiwezi. Mi sikijali sana, shem alikijali.

Apu ya simu achana nayo. Ina Kichina nusu, inataka ruhusa ya kujua ulipo (kwa nini kijiko kijue niko Ilazo?), na inachelewa, unabonyeza leo mkono unapanda kesho. Rimoti inatosha. Betri ni ya kuchaji kwa waya wa simu na inakaa kama dakika 40 ukichimba mfululizo, hapo nawapongeza, maana seti nyingi za LEGO za rimoti zinakula betri ndogo 6 kila mara, na zile za bei rahisi za dukani zinachoka kabla hujaanza kufurahia.

Kama unamnunulia mtoto chini ya miaka 10 ajenge mwenyewe, hapana, atalia na wewe utalia. Mkijenga pamoja sawa, mpwa wangu ana 11 na cheni zote mbili alizifunga yeye, kiungo kwa kiungo. Nyota ningetoa nne kwa kijiko na mbili kwa duka, na hiyo ya pili ni kwa sababu mwishowe mota ilikuja.

Vumbi la Dodoma mnalijua, miezi hii ya upepo ndo usiseme, kwa hiyo kinakaa juu ya friji kimefunikwa kanga. Imebaki gia moja ya meno 24. Vipande vya akiba huwa ni pini na vitu vidogo vidogo, sio gia ya saizi hiyo, na kijiko kinafanya kazi zote. Nimepitia kitabu mara mbili sijaona ilipotakiwa kukaa.