PUBG Mobile kwa jairoskopu: simu yako inayo?

Wazee wa kazi, mambo! Sauti inafika? Poa. Leo ni PUBG Mobile, na sitaanza kuwaeleza kwamba watu 100 wanaruka kwenye ndege mpaka abaki mmoja. Hilo hata bibi yangu analijua, ananionaga kila siku. Gemu lipo tangu 2018, ni la bure, lishushe. Mimi nimekuja na jambo moja: jairoskopu. Ni sensa ndani ya simu inayohisi ukiigeuza, na wewe unalenga kwa kuinamisha simu yenyewe.

Sogea uone. Nipo uwanja wa mazoezi, nimeshika bunduki ya M416, risasi 30, haijafungwa kifaa hata kimoja. Mbele yangu ukuta. Jairoskopu nimezima. Nafyatua mpaka ziishe... Umeona? Ya kwanza imetua hapa, ya mwisho ipo kule juu. Zimepanda ukuta kama mjusi. Kuzirudisha chini, gumba hilohilo linalofyatua ndilo livute kioo. Na joto hili la Dar, gumba likishika jasho linanasa, halitelezi.

Sasa naiwasha. Kwenye setingi utakuta kuzima, kuwasha ukiwa kwenye darubini tu, au kuwasha muda wote. Weka muda wote. Tazama mikono yangu, achana na gemu. Nafyatua, huku nailaza simu taratibu, ukingo wa juu unaenda mbele. Kidogo tu, kama unamimina chai kikombe kikiwa karibu kujaa. Haya, ukuta huo. Zote zimebanana sehemu moja! Nirudie? Narudia, ila na AKM, bunduki nyingine, hii ya risasi za 7.62, inapiga teke kama punda... Aah. Zimetawanyika. AKM bado inanishinda, siwadanganyi.

Wiki ya kwanza utaichukia. Mimi nilikuwa nalenga mawingu, adui yupo mlangoni. Na kwenye daladala usithubutu: gari likikata kona, na bunduki inakata kona.

Halafu kuna hili. Simu yangu ya zamani haikuwa na jairoskopu. Duka moja Kariakoo, silitaji, jamaa aliniapia, "Kaka, hii ina kila kitu." Nafika nyumbani, nainamisha, nageuza, kimya. Laki tatu hiyo! Simu nyingi za bei ya chini zina sensa ya kujua umeishika wima au umeilaza, basi. Hiyo siyo jairoskopu. Kabla hujatoa hela, palepale dukani fungua YouTube, tafuta video ya digrii 360, ishike simu uzunguke nayo. Watakucheka, waache. Picha isipogeuka, mrudishie simu yake.

Naona mnaoandika "Free Fire ndiyo baba lao." Sawa, hilo ni gemu jingine la aina hii, nawaheshimu. Watu 50, mechi dakika kama 10, na simu ya kawaida inalibeba. Bando likiwa la kuungaunga hata mimi nakimbilia huko. Call of Duty: Mobile nayo, ile ya 2019, watano kwa watano, nzuri ukiwa unasubiri wali uive. Lakini kule Erangel, ramani ya PUBG ya kilomita 8 kwa 8, umelala kwenye nyasi unamsikiliza mtu anatembea ghorofani, moyo unadunda... ile siipati kwingine.

Bei? Kucheza bure. UC, pesa ya ndani ya gemu, ndiyo inakula hela, na inanunua nguo na urembo wa bunduki. Koti halizuii risasi. Ndiyo, najua nilisema mwezi uliopita sinunui tena. Na ndiyo, hili koti ni jipya. Tuendelee.

Kitu kingine, ukishinda mechi yako ya kwanza usipige kelele mtaa mzima. Mechi za mwanzo zimejaa roboti, wachezaji wanaoendeshwa na kompyuta. Ukimwona mtu amesimama katikati ya barabara anakuangalia tu, huyo hana mama.

Jumamosi saa 2 usiku nipo mubashara, nachukua watazamaji watatu tuunde kikosi, seva ya Mashariki ya Kati. Nikipotea ghafla jueni ni umeme, sijakimbia. Bonyeza kengele, halafu niandikie hapo chini: simu yako gani, na ile video ya 360 imegeuka au imekataa? Mimi narudi ukutani, hii AKM hatulali leo.